Kakuta kiti kina mtu baada ya likizo ya uzazi: CMA tunaanzia wapi?

Katibu_Tawi

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Nasimamia tawi la chama cha wafanyakazi kwenye kampuni binafsi ya usambazaji, Dar es Salaam. Mwanachama wetu ni msimamizi wa ghala, mkataba wake hauna ukomo, ana miaka 3 na miezi 4 kazini. Mshahara wa msingi ni Sh 900,000 na posho ya nyumba Sh 150,000 kila mwezi.

Alitoa taarifa ya ujauzito kwa barua miezi minne kabla ya kujifungua, akaambatisha cheti cha daktari. Nakala yenye muhuri wa mapokezi anayo. Alijifungua mapacha, kampuni ikampa siku 84. Siku ya 85 akaripoti kazini. Ofisi ya utumishi ikamwambia nafasi yake "imeunganishwa", na aliyekuwa akimshikia ndiye anaendelea. Akapewa mambo mawili achague: awe karani wa kaunta kwa Sh 550,000, au asaini makubaliano ya kuachana kwa hiari alipwe mshahara wa mwezi mmoja. Hakusaini. Siku tatu baadaye kadi yake ya getini ikagoma, mlinzi akamwambia jina limeondolewa kwenye orodha. Barua yoyote hajapewa mpaka leo. Halafu bonasi ya mwaka ambayo wenzake wamelipwa mwezi huu yeye kanyimwa, kwa maelezo kwamba robo ya mwisho hakuwepo kazini.

Leo ni siku ya 19 tangu azuiwe getini. Meneja utumishi ananiambia tuvute subira, suala liko kwa mkurugenzi. Maswali yangu: hii ni kesi ya ubaguzi au ya kuachishwa kazi? Bila barua ya kuachishwa tunaweza kufungua? Na je, tusubiri hayo mazungumzo?

Mzee_wa_Tuzo

Katibu, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloua kesi nyingi za kina mama. Msisubiri.

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Hiyo ni Kanuni ya 10 ya kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007. Migogoro mingine yote ina siku 60. Siku ya tukio haihesabiwi, siku ya mwisho inahesabiwa, na ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu inarukwa. Sasa hapa hakuna barua, kwa hiyo mwajiri atakuja na tarehe inayomfaa yeye. Atasema uamuzi ulitolewa siku ile alipoambiwa nafasi imeunganishwa, wala hatataja kadi ya getini. Hesabuni kuanzia tarehe ya mapema zaidi. Kwa hesabu hiyo mko siku ya 22, mmebakiwa na siku 8.

Mazungumzo ya pembeni hayasimamishi muda. Mkichelewa hata siku moja mtalazimika kuomba muda wa nyongeza kwa fomu CMA F2 pamoja na kiapo, mkieleza mmechelewa kwa siku ngapi, kwa nini, kesi ina uzito gani, na upande wa pili utaumia kiasi gani. "Tulikuwa tunaongea na mwajiri" ni sababu ambayo mahakama ya kazi imeikataa mara nyingi. Maombi hayo yakitupwa, kesi nzima imekwenda nayo, hata kama haki ilikuwa wazi kama mchana.

Kuhusu barua: hamuihitaji. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (Na. 6 ya 2004, Sura ya 366) kinapotafsiri kuachishwa kazi kinataja waziwazi kitendo cha mwajiri kushindwa kumruhusu mfanyakazi aendelee na kazi baada ya likizo ya uzazi. Maana yake kumfungia geti tu kunatosha. Wengi hawakijui kifungu hiki, pamoja na baadhi ya mawakili wa makampuni, na utaona jinsi hoja zao zinavyolegea kikishasomwa. Kisha kifungu cha 37(3) kinasema sababu inayohusiana na ujauzito, au ya kibaguzi, haiwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki.

Ubaguzi wenyewe uko kifungu cha 7. Ujauzito, jinsia, hali ya ndoa na majukumu ya familia vyote vimo kwenye orodha ya misingi iliyokatazwa. Mfanyakazi akishaonyesha ushahidi wa awali, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba alichofanya hakikutokana na sababu hizo. Ushahidi wa awali hapa hauhitaji mtu akiri kwamba "tumekutoa kwa sababu umezaa". Ukaribu wa tarehe unatosha kuanzia: kaondoka akiwa msimamizi, karudi kakuta mbadala wake kapewa nafasi ya kudumu.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: fungueni kama kuachishwa kazi isivyo halali, na ubaguzi wa uzazi uwe ndiyo sababu mnayoitaja. Msifungue kama ubaguzi mtupu. Kifungu cha 7 hakina kiwango cha nafuu kilichoandikwa, lakini kuachishwa isivyo halali kuna kifungu cha 40: kurudishwa kazini bila kupoteza malipo, kuajiriwa upya, au fidia.

Fomu ni CMA F1. Inapatikana ofisi yoyote ya Tume na kufungua hakulipiwi. Mambo yanayoharibika kwenye fomu hii ni haya. Kwenye aina ya mgogoro watu hutiki kila kisanduku kwa kuogopa kuacha kitu: kuachishwa, kuvunjwa mkataba, ubaguzi, mshahara. Wakili wa mwajiri anainuka na pingamizi la awali kwamba madai hayaeleweki, na miezi inapita. Tikini kuachishwa kazi, basi. Kisha jazeni Sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya kuachishwa tu. Pale panaulizwa kwa nini sababu si ya haki na kwa nini utaratibu si wa haki. Jazeni pote pawili. Sababu: "Mwajiri amekataa kuniruhusu kurejea kazini baada ya likizo ya uzazi, sababu inahusiana na ujauzito na uzazi." Utaratibu: "Sikupewa notisi, sikushirikishwa, sikusikilizwa, sikupewa barua." Kipengele kikiachwa wazi, baadaye huruhusiwi kukileta mbele ya mwamuzi.

Nakala ya fomu apelekewe mwajiri kwanza, apige muhuri au asaini, ndipo mpeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Wakigoma kupokea, tumeni kwa EMS ya Posta, risiti iambatishwe. Na mfungue ofisi ya CMA ya eneo lilipo hilo ghala. Kama makao makuu ya kampuni yako mkoa mwingine, hayo hayawahusu.

Katibu_Tawi

Mungu akubariki mzee. Kesho asubuhi naifuata fomu. Naongeza mawili. Meneja wa ghala alimwandikia WhatsApp wakati yuko likizo: "mama mapacha hutaiweza tena hii kazi ya kusimama, tutakutafutia pa kukaa." Je, inasaidia? Na anauliza kama akubali ule ukarani kwa muda ili watoto wale, halafu kesi iendelee.

Dada_Utumishi

Kaka Katibu, mimi nakaa upande wa pili wa meza, ofisi ya rasilimali watu, kwa hiyo nikwambie mwajiri wako anapanga nini sasa hivi. Hakutoa barua kwa makusudi. Mkifungua, utetezi wa kwanza utakuwa utoro. Atasema: "Hatukumwachisha, tulimpa kazi nyingine, akatoweka." Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa ni kosa linaloweza kumwachisha mtu.

Na hapa ndipo mapacha wanapomwokoa mama yao. Kifungu cha 33 kinatoa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, lakini akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ni siku 100. Kampuni ilimkata siku 16. Maana yake siku alipoambiwa nafasi imeunganishwa, siku kadi ilipogoma, kisheria alikuwa bado likizo ya uzazi. Hakuna utoro ndani ya likizo. Lakini hesabu yako inaonyesha leo ni siku ya 107, likizo halisi imeisha siku ya 100. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, tayari zimepita siku sita za kazi. Umeona hatari? Barua iandikwe leo usiku, isisubiri kesho.

Iwe fupi. Aseme aliripoti tarehe fulani, akaelezwa hivi na fulani (cheo kinatosha), tarehe fulani kadi ilizuiwa; kwamba alistahili siku 100 na alipewa 84; kwamba yuko tayari na amekuwa tayari wakati wote kufanya kazi yake ya usimamizi wa ghala kwa masharti yaleyale, na anaomba aelekezwe siku ya kuingia. Aambatishe matangazo ya kizazi ya watoto wote wawili kutoka hospitali. Ipelekwe kwa kitabu cha kupokelea barua, na nakala kwa barua pepe rasmi ya kampuni. Asitukane, asilalamike, asitaje kesi. Barua hiyo ikishapokelewa, mwajiri ana njia mbili tu: amrudishe, au akatae kwa maandishi, na akikataa amewapa ushahidi.

Kuhusu ukarani: sheria inasema anarejea kwa masharti na hali zilezile za kazi. Akianza kuhudumu kaunta kimya kimya kwa Sh 550,000, hajaachishwa tena. Inakuwa ameshushwa cheo kwa mwajiri kubadili mkataba peke yake, mgogoro wa siku 60, na ile nguvu ya kifungu cha 36 imeyeyuka. Nawaelewa kina mama wanaokubali, maziwa na nepi havisubiri mwamuzi. Kama njaa imebana kweli, akubali kwa maandishi kwamba anafanya kwa muda bila kuacha haki yake ya nafasi na mshahara wake. Ila ajue kwamba kesi yake imebadilika umbo.

Kitu kimoja ambacho asikifanye kwa hali yoyote ni kuandika barua ya kuacha kazi. Akiacha mwenyewe atalazimika kuthibitisha yeye kwamba mwajiri aliyafanya mazingira yasivumilike. Kwa sasa mzigo uko kwa mwajiri, aubebe.

WhatsApp inasaidia sana. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu ni ushahidi unaokubalika, suala ni kuonyesha kwamba haukuchezewa. Asifute mazungumzo, asibadilishe simu. Apige picha za skrini zenye namba ya mtumaji na tarehe, ahifadhi mazungumzo yote pamoja na yanayotangulia na yanayofuata, na simu yenyewe aje nayo siku ya ushahidi. Ujumbe mmoja uliokatwa katikati ndio unaozua maneno. Na huo ujumbe uliounukuu unagusa kiini: meneja anaunganisha uzazi na uwezo wa kazi kwa kinywa chake mwenyewe.

Mzee_wa_Tuzo

Dada kanena vyema, hoja ya siku 100 sikuwa nimeifikisha huko. Iandikeni kwenye Sehemu B: aliachishwa akiwa ndani ya likizo ya uzazi ya kisheria.

Niongeze kuhusu "nafasi imeunganishwa". Wakija na hoja ya kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 kinawadai mambo ambayo nina hakika hawakuyafanya: kutoa notisi ya kusudio mara tu wazo linapoanza, kutoa taarifa zote husika, na kushauriana kabla ya uamuzi kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na kiinua mgongo. Wewe kama tawi ulipaswa kualikwa kwenye kikao hicho. Kama hukualikwa, wewe mwenyewe ni shahidi.

Halafu kuna swali moja ambalo mwamuzi hulipenda: kazi yenyewe ipo au haipo? Nafasi iliyofutwa haina mtu. Kama aliyemshikia anasaini hati za kupokea mzigo hadi leo kwa cheo cha msimamizi, hakuna kilichounganishwa. Kusanyeni mapema: tangazo la nafasi kama lilitolewa, orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, barua pepe zenye cheo cha huyo mbadala chini yake, hati za kupokea mzigo zenye saini yake. Nyaraka mlizonazo kihalali kwa kazi zenu tumieni. Zilizo kwa mwajiri, ombeni mwamuzi aamuru ziletwe. Msiibe mafaili, mtampa mwajiri kesi ya nidhamu mkononi.

Hesabu_za_Kazi

Naona watu wameacha upande wa fedha, na CMA F1 inauliza unachodai. Ukiandika "fidia na haki zote" unakwenda kwenye usuluhishi huna namba, na asiye na namba huchukua anachopewa.

Kwanza tenganisheni mshahara wa msingi na malipo yote. Kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi (900,000). Fidia ya kifungu cha 40 hukokotolewa kwa malipo yote, yaani pamoja na posho ya nyumba (1,050,000). Ukitumia 900,000 kwenye fidia unajipunja 150,000 kwa kila mwezi unaodai.

Kiwango cha siku: jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku za kazi za wiki. 900,000 ÷ 4.333 ÷ 6 ni kama Sh 34,618 kwa siku.

Kiinua mgongo ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hapa miaka 3, siku 21, takriban Sh 726,978. Ile miezi 4 haihesabiwi, msiiweke.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28. Mkataba ukisema mwezi mmoja, shikeni mkataba.

Siku 16 za likizo zilizokatwa: likizo ya uzazi inahesabu siku zote, Jumapili ndani. Kwa hiyo msitumie kiwango cha siku za kazi hapa, mtapata Sh 553,888 za mshahara wa msingi na wakili atawaumbua. Tumieni 16/30 ya 1,050,000, ambayo ni Sh 560,000 pamoja na posho. Tarakimu zinakaribiana lakini njia ya pili haina pa kushikwa.

Likizo ya mwaka ambayo hakuwa ameitumia kwa miezi 4 ya mwaka wa nne: siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Na mwajiri hana ruhusa kuipachika likizo ya mwaka ndani ya likizo ya uzazi, kwa hiyo angalieni hati yake ya mwisho ya mshahara kama siku hazijapunguzwa kimya kimya.

Cheti cha utumishi nacho kidaiwe, hata kama hakina bei.

Kuhusu idadi ya miezi ya fidia: nakala nyingi mtaani ni za zamani na zinasema tu isiyopungua miezi 12. Kifungu cha 40 kimeguswa na marekebisho ya sheria za kazi ya 2025, kwa hiyo Katibu asome maandishi ya sasa kabla ya kuandika namba, wala asinukuu kwa mazoea. Vivyo hivyo namba za vifungu zinazotajwa humu ni za toleo la 2019. Linganisheni na toleo la marejeo la 2023 mkiandika hoja.

Na amueni mapema anataka nini. Kurudishwa kazini na kulipwa kiinua mgongo haviendi pamoja. Andikeni dai kuu, kurudishwa bila kupoteza malipo, na dai mbadala, fidia pamoja na haki za mwisho.

Bi_Mkubwa_Tanga

Samahanini kuingilia. Mdogo wangu yupo kwenye mkataba wa mwaka mmoja, umeisha akiwa likizo ya uzazi, hawakumhuisha. Naye yumo humo? Na mwingine ana miezi mitano kazini, ni mjamzito.

Dada_Utumishi

Shikamoo Bi Mkubwa. Wa mkataba wa muda maalumu: mkataba ukifika mwisho wake huisha wenyewe, na uzazi hauurefushi. Lakini akiweza kuonyesha matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa, kwa mfano umehuishwa mara mbili huko nyuma, au kuna ujumbe wa bosi wa kumwandalia mkataba mpya, au wenzake wote wa cheo hicho wamehuishwa yeye tu kaachwa, basi kifungu cha 36 kinamgusa. Mwenye mkataba wa aina hiyo akikatishwa katikati, waamuzi wengi hulitazama kama kuvunjwa mkataba na kulipa miezi iliyobaki, kwa hiyo namna ya kujaza fomu ni tofauti na ya Katibu.

Wa miezi mitano: aliye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana likizo yenye malipo chini ya sehemu hiyo ya sheria, na kinga ya kuachishwa isivyo halali bado haijamfikia. Wale wa msimu wanaorudi kwa mwajiri huyohuyo huunganishiwa miezi ya mwaka huo. Ila kifungu cha 7 hakina sharti la miezi. Kinamlinda hata mwombaji wa kazi, na ndiyo maana kumdai mtu kipimo cha mimba kwenye usaili ni ubaguzi. Huyo akitolewa kwa sababu ya ujauzito afungue kama ubaguzi, siku 60.

Mzee_wa_Tuzo

Na wasomaji wengine waangalie wako wapi. Mtumishi wa umma haendi CMA moja kwa moja. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza njia za ndani za utumishi wa umma. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, haya ya CMA ni ya Bara.

Jambo jingine linalozua migogoro isiyo ya lazima ni mzunguko wa miezi 36. Likizo ya uzazi yenye malipo hutolewa mara moja ndani ya mzunguko huo, na mwajiri hulazimika kwa vipindi vinne tu. Aliyejifungua tena ndani ya miezi 36 akanyimwa malipo hajabaguliwa kwa hilo peke yake. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja, mama anastahili siku 84 nyingine ndani ya mzunguko uleule. Nimeona maofisa wakimnyima mama aliyefiwa kwa kisingizio cha mzunguko, na hilo linaumiza kuliko yote, maana jibu limeandikwa kwenye kifungu kilekile.

Kwa njiti pia, marekebisho ya 2025 yameongeza muda unaobaki hadi wiki ya 40 ya ujauzito. Katibu, mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati, hebu angalia kadi ya kliniki. Kama walizaliwa wiki ya 35, mama alikuwa na wiki 5 zaidi juu ya siku 100, na ile hesabu ya utoro inafutika kabisa.

Katibu_Tawi

Nimempigia sasa hivi. Walizaliwa wiki ya 36, imeandikwa kwenye hati ya kuruhusiwa hospitali. Barua ameshaandika, naipeleka saa mbili asubuhi na kitabu. Bado bonasi, na siku ya usuluhishi kuna nini cha kujiandaa?

Hesabu_za_Kazi

Wiki ya 36 ni siku 28 za nyongeza. Likizo yake inafika siku ya 128. Bado yuko likizo leo, na wamemtoa! Badilisheni ile hesabu yangu: zilizokatwa ni siku 44, sawa na 44/30 ya 1,050,000, Sh 1,540,000. Barua nayo irekebishwe kabla hujaipeleka, aseme anarejea likizo itakapoisha na ataje tarehe. Ila siku 30 za kufungua msizisogeze hata kidogo, hizo zinaendelea kuhesabiwa tangu alipokataliwa.

Bonasi fungueni CMA F1 ya pili bila Sehemu B, aina ya mgogoro iwe ubaguzi, ndani ya siku 60 tangu wenzake walipwe. Ombeni ziunganishwe mbele ya mwamuzi mmoja. Tafuteni sera ya bonasi: kama mtu aliyekuwa likizo ya mwaka au ya ugonjwa robo hiyohiyo alilipwa kamili, hapo ubaguzi umejionyesha wenyewe.

Mzee_wa_Tuzo

Usuluhishi una siku 30 tangu kufunguliwa, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Wewe kama kiongozi wa chama unaruhusiwa kumwakilisha, wakili si lazima. Lakini mama mwenyewe awepo. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kuitupa kesi. Mwajiri asipofika, anaweza kuiamua. Kwa hiyo mwambieni karani wa Tume mapema kwamba ananyonyesha mapacha, aombe saa inayomfaa, na aje na wa kumshikia watoto.

Yanayosemwa kwenye usuluhishi ni ya siri na hayatumiki kwenye uamuzi, kwa hiyo semeni wazi mnachoweza kukubali. Akikubali fedha, hati itaje kiasi kamili, tarehe ya kila awamu, namba ya akaunti, makato ya kodi yako upande gani, na cheti cha utumishi. Hati ya usuluhishi iliyosainiwa hutekelezwa kama hukumu ya mahakama, na huwezi kurudi kudai zaidi. Akikubali kurudi kazini, iandikwe cheo, mshahara, kwamba siku zilizokatwa zinalipwa, na zile saa za kunyonyesha, zisizozidi mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Saa hizo msizikubali kama hisani ya meneja, zimo kifungu cha 33. Ongezeni pia kwamba hapangiwi zamu ya usiku kipindi ambacho sheria imeikataza kwa mzazi, maana ghala la usambazaji hupakia usiku na ndipo watakapojaribu kumchosha aondoke mwenyewe.

Msipokubaliana, ombeni cheti cha kushindwa kusuluhisha siku hiyohiyo, nendeni kwa mwamuzi. Tuzo (uamuzi wa mwamuzi) ikitoka, mwajiri ana wiki 6 tangu aipokee za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Zikipita kimya na hajalipa, ombeni utekelezaji hukohuko.